Bunduki za zamani, grini kadi, na maganda ya shambani Nyangao

Kijana wa Dallas ameandika:

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za wiki.

Nina swali ambalo nikimgusia mke wangu ananuna, kwa hiyo nalileta kwenu. Jumamosi mzungu mmoja ninayefanya naye kazi alinipeleka kwenye maonyesho ya bunduki. Nilikwenda kushangaa tu. Katika kuzunguka nikakuta meza ya mzee anayeuza silaha za vita kuu, na hapo juu imelala Lee-Enfield, bunduki ya Kiingereza ya risasi ya .303. Babu mzaa mama alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, alipigana Burma, na picha pekee ya ujana wake tuliyonayo amesimama na bunduki ya aina hiyo. Nimerudi nyumbani sina raha, naiwaza tu.

Nina grini kadi, uraia bado. Je, naruhusiwa kununua? Pili, rafiki yangu yuko hapa kwa viza ya masomo, naye anataka yake. Ananiomba nimchukulie kwa jina langu halafu anirudishie pesa. Tatu, siku za mbele naweza kuipeleka nyumbani ikakae kwa mjomba?

Mzee wa Nyangao, Minneapolis, amejibu:

Marahaba mwanangu.

Naanza na huyo rafiki yako, maana hapo ndipo penye moto. Mkatalie, na umkatalie leo. Dukani utajaza Fomu 4473, na humo unaulizwa kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Ukijibu ndiyo huku fedha ni za mwenzako, umeidanganya serikali kuu kwa maandishi na sahihi yako iko chini. Raia akifanya hivyo anafungwa. Sisi wenye kadi tunafungwa na safari haiishii hapo, kwa sababu sheria ya uhamiaji inaruhusu kumwondoa nchini mgeni aliyetiwa hatiani kwa kosa la silaha, hata kama kadi anayo na watoto wamezaliwa hapahapa.

Naye mwenyewe, mtu wa viza ya masomo, ya kazi au ya matembezi haruhusiwi kuwa na bunduki wala risasi, ila awe ndani ya misamaha michache iliyotajwa na sheria. Unaotumiwa zaidi ni wa leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Basi usimpeleke hata uwanja wa shabaha ukampa "hebu jaribu moja tu" kabla hajaulizia jambo hilo kwa mwanasheria wa uhamiaji. Hiyo moja tu ndiyo watu hupigia picha wakaiweka mtandaoni.

Wewe mwenye kadi unaruhusiwa. Nenda na kitambulisho cha jimbo chenye anwani ya unapokaa sasa, na namba yako ya ukaazi inayoanza na herufi A. Watachunguza rekodi yako papo hapo. Pengine wataruhusu kwa dakika chache, pengine watakuambia usubiri siku kadhaa. Ukiambiwa usubiri, subiri, usigombe na muuza duka. Kwenye fomu hiyohiyo kuna swali la bangi. Hata kama jimbo limeihalalisha, kwa serikali kuu mvutaji haruhusiwi silaha, na fomu yenyewe inakuonya hivyo. Kwenye maonyesho utawakuta na watu binafsi wanaouza mkono kwa mkono bila karatasi. Huko Texas kwa watu wa jimbo moja hilo si kosa, lakini ushauri wangu kwa mgeni ni kununua kwa mwenye leseni ya biashara, ili siku ukiulizwa uliipata wapi uwe na jibu lililoandikwa. Na ukihama, uliza upya. Illinois, kwa mfano, mkaazi wa kawaida anatakiwa awe na kadi ya FOID, kitambulisho cha jimbo cha mwenye silaha, hata kwa kuweka risasi tu ndani.

Ukinogewa kuna leseni ya mkusanyaji, ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia silaha, wanaiita aina ya 03. Ni dola 30 kwa miaka mitatu. Unajaza Fomu 7CR na nakala unampelekea mkuu wa polisi wa eneo lako. Ukishaipata, bunduki iliyotimiza miaka 50 na haijageuzwa umbo lake inaweza kuletwa mpaka mlangoni kwako, hata ikitoka jimbo jingine. Si leseni ya biashara, usije ukaanza kulangua. Na inadai daftari: tarehe, uliyempa au aliyekupa, aina, namba, ukubwa wa risasi. Mimi langu naliandika kwa wino, maana hao jamaa wana haki ya kulikagua.

Zile zilizotengenezwa mwaka 1898 au kabla ya hapo, sheria ya serikali kuu haizihesabu kabisa kama silaha za kawaida, ingawa majimbo mengine yana yao. Mimi nilianzia huko, na sababu yake ni shamba la bibi.

Kwetu ni Nyangao, barabara ya kutoka Lindi kwenda Masasi, na shamba lilikuwa upande wa Mahiwa. Wakati wa kupalilia karanga jembe lilikuwa linagonga chuma, na sisi watoto tunagombania. Maganda ya risasi. Yalikuwa ya kijani kwa kutu, na ukiyasugua kwa mchanga na majani ya msasa yanang'aa. Wavulana tulikuwa tunapuliza mdomo wa ganda kama filimbi, tukiitana tukiwa tunalinda nguruwe. Wasichana walichukua yale makubwa kufanyia vyombo vya kupikiana, wanapimia mchanga, wanauziana "mchele". Bibi hakutaka hata moja liingie ndani. Alisema hivyo ni vitu vya marehemu, na marehemu hao hawakuzikwa na ndugu zao. Tukayaficha juu ya dungu, kwenye makuti.

Yalikuwa ya aina tatu, na tulijua kuyatofautisha bila kufundishwa na mtu. Moja lina ukingo kwenye kitako na lina mabega membamba. La pili halina ukingo, lina mfereji tu wa kuzunguka. La tatu lilikuwa nadra na ndilo lililokuwa na bei kwenye biashara yetu: nene kama kidole gumba, lina ukingo, na harufu yake hata baada ya miaka yote ile ukilinusa ndani ni ya makaa. (Au ndivyo tulivyoambizana. Watoto wa Nyangao walikuwa na pua za ajabu.)

Nimekuja kuyajua majina yake huku kwenye baridi. La kwanza ni .303 ya Mwingereza. La pili ni 7.92 ya Mauser ya 98, bunduki ya Mjerumani. Lile nene ni la Mauser ya mwaka 1871, milimita 11, ya baruti nyeusi. Vita ilipoanza 1914, askari wengi wa Mjerumani katika nchi yetu walikuwa bado na hiyo ya 71. Ukipiga risasi moja moshi unapanda juu ya nyasi na adui anajua ulipolala. Bunduki za kisasa walizipata baadaye: nyingine waliziteka Tanga Novemba 1914, nyingine zililetwa na meli ya Rubens iliyokimbizwa na manowari ya Kiingereza ikaingia ghuba ya Mansa Aprili 1915. Wakaja kukutana Mahiwa Oktoba 1917, siku nne, askari wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mjerumani, upande mmoja, na upande wa pili Keya, Wanigeria na wengineo. Waingereza peke yao walipoteza watu zaidi ya 2,000, waliokufa na waliojeruhiwa. Mwezi uliofuata Mjerumani akavuka Ruvuma, akawakuta Wareno Ngomano, upande wa Msumbiji, akachukua bunduki na risasi zao zote. Weusi kwa weusi waliuana kwenye karanga zetu kwa ugomvi wa wenyewe huko Ulaya, na sijawahi kukuta jiwe lenye majina yao pale.

Ndiyo maana mimi sikusanyi ovyo. Jirani yangu ana za Kirusi, za Kijapani, ukuta mzima. Mimi nataka zilizopita kwetu tu. Nina ya 71 na nina .303 ya mwaka 1916. Natafuta ya Mreno, Mauser-Vergueiro ya 1904, lakini nyingi walizigeuza mwaka 1939 zipige risasi ya 7.92, na mimi naitaka kama ilivyokuwa Ngomano. Muuzaji akikuonyesha Mauser ya 98 yenye herufi K.S. akisema ilikuwa ya jeshi la makoloni ya Kijerumani, ujue bei itapanda mara kadhaa kwa herufi mbili hizo. Usilipe mpaka umemwonyesha mtu anayezijua, maana herufi mbili kuzigonga kwenye chuma si kazi kubwa.

Gobore la babu sitalipata popote. Lilikuwa kazi ya mhunzi wa kijijini, mtutu ni bomba, kitako cha mninga. Babu alikuwa anamimina baruti kwa kiganja, anaweka makumbi, anashindilia kwa mdeki huku anahesabu kimyakimya, halafu vipande vya chuma, makumbi tena. Fataki anaivisha mwisho kabisa, nguruwe wakishaanza kusikika kwenye muhogo. Nikiwa na miaka kama tisa aliniruhusu kubeba mdeki. Mdeki tu.

Kuhusu kuipeleka nyumbani: usijaribu kichwakichwa. Kutoka Marekani unahitaji kibali cha kuisafirisha nje, na Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, mjomba hawezi kukaa nayo eti kwa sababu tu ni ya kumbukumbu. Mtumie picha kubwa yenye fremu. Na begi ulilokwenda nalo uwanja wa shabaha usisafirie. Risasi moja iliyojificha kwenye mshono inatosha kukukosesha ndege na kukuletea kesi.

Dada wa Leicester ameandika:

Mzee shikamoo. Nimesoma mpaka chai ikapoa.

Niongezee ya huku Uingereza, maana kuna wadogo zetu wanafikiri sheria ni moja. Marehemu mume wangu alikuwa na Martini-Henry, bunduki ya zamani ya jeshi la Kiingereza, ukutani. Hiyo haihitaji cheti cha polisi kwa sababu risasi yake, .577/450, imo kwenye orodha ya zilizopitwa na wakati, mradi uiweke kama pambo au kumbukumbu. Ukianza kuitafutia risasi uipige, habari inabadilika, utahitaji cheti. Orodha yenyewe ilipunguzwa kwa kanuni zilizoanza Machi 22, 2021, na watu waliokuwa na aina zilizoondolewa wakalazimika kuomba vyeti au kuzitoa. Kwa hiyo usitegemee aliyokuambia mtu mwaka 2015. Ile .303 ya yule kijana wa Dallas huku haimo kabisa kwenye msamaha huo. Ni cheti, au ununue iliyozibwa isiweze kupiga tena, yenye hati yake.

Mjomba wa Maskati ameandika:

Salaam alaikum. Mama Martini umenikumbusha. Huku Oman hizo hamzitafuti kwenye maonyesho, zipo soko la Nizwa zimeegemezwa pamoja na majambia, na harusini wazee wanazibeba kwenye razha, ngoma ya mapanga. Kabla ya vita ya kwanza Maskati ilikuwa bandari kubwa ya biashara ya bunduki, zinashuka hapa zinavushwa mpaka kwa Wapathani, makabila ya mpakani mwa Afghanistan na India, Mwingereza akakasirika mpaka likawekwa ghala la serikali la kuzidhibiti mwaka 1912. Wapathani nao wakajifunza kuziiga. Kwa hiyo tahadhari, mgeni anayenunua "Martini ya Malkia" sokoni aangalie maandishi. Nimeona moja herufi N imepigwa kinyume. Na asidhani kununua sokoni ndiyo ruhusa ya kupanda nayo ndege.

Kijana wa Dallas ameandika:

Nashukuruni sana wakubwa. Rafiki nimemwambia, amenuna, sasa nina watu wawili walionuna. Mzee, nitajuaje kama ile mezani ndiyo aina ya babu? Mama amenitumia picha kwa simu.

Mzee wa Nyangao amejibu:

Angalia mdomo wa bunduki kwenye picha. Kama mbao na kofia ya chuma vinafika mpaka mwisho wa mtutu, mbele pamekatika bapa, hiyo ni Lee-Enfield Namba 1. Kama mtutu umechomoza nje kidogo mbele ya kofia, hiyo ni Namba 4. Wengine Burma walipewa hii, wengine ile.

Kijana wa Dallas ameandika:

Pamekatika bapa. Na babu amevaa kofia upande, anajidai kweli.

Mzee wa Nyangao amejibu:

Basi ni Namba 1. Rudi kwa yule mzee, umwombe uione shingo ya kitako upande wa kulia. Kuna pete ya chuma yenye taji, herufi za mfalme, kiwanda na mwaka. Soma namba kwenye mwili wa bunduki, kisha kwenye mkono wa bolti, kisha kwenye kofia ya mbele. Zikilingana zote tatu, bei yake ni halali kuwa juu. Zikipishana, mwambie apunguze. Mbao zikiwa zimekatwa mbele kwa ajili ya uwindaji, achana nayo hata akikupa kwa nusu bei, haitafanana na ya babu na leseni ya mkusanyaji haitaifaa.

Ukienda kuipiga na risasi za zamani, fataki zake zinaacha chumvi ndani ya mtutu. Mafuta hayaiyeyushi chumvi. Mimina maji ya moto kwanza, kausha vizuri, ndipo upake mafuta, na ufanye hivyo siku hiyohiyo kabla ya kula. Nunua na kabati la kufungia kabla ya kuileta ndani. Labda hata mkeo atalegea.