Saturn V, V-2 au Scout ya Malindi: ipi nianze nayo hapa Mwanza?

Mtu_wa_Nyegezi
Habari za Jumapili wakuu. Shemeji yangu kaja likizo kutoka Marekani na boksi la roketi ya kuunganisha, Saturn V (ile iliyopeleka watu mwezini), skeli 1:100. Ikisimama inazidi mita moja. Injini hakuja nazo. Baruti haipandi ndege ya abiria, na hilo sikuwa nimeliwaza hata kidogo. Mke wangu kashaniuliza mara mbili boksi litakaa juu ya kabati hadi lini.

Nimebaki njia panda. Niijenge hii nisubiri injini? Nitafute V-2, ile ya Wajerumani ya Vita vya Pili vya Dunia, ambayo nasikia ni rahisi kwa anayeanza? Au niachane na maboksi, nijitengenezee ya karatasi? Roketi za chupa na maji nimerusha sana na watoto wa mtaani, ila ya kufanana na roketi ya kweli, yenye vipimo na rangi zake, sijawahi. Naomba uzoefu wenu.

Fundi_Makoroboi
Saturn V halafu unauliza? Jenga! Ikishapakwa rangi ukaiweka sebuleni, wageni hawaangalii TV tena.

Mwalimu_Fizikia
Kuiweka sebuleni sawa. Kuirusha ni habari nyingine.

Saturn V yenyewe ilikuwa na urefu wa mita 110 na uzito wa karibu tani 2,900, na msukumo wa injini zake tano za chini ulizidi uzito huo kidogo tu. Ndiyo maana ukitazama picha za Apollo 11, Julai 1969, unaiona inajikongoja kuupita mnara. Iliweza kujikongoja kwa sababu injini zilikuwa zinageuzwa kila mara kuinyoosha. Yako haina wa kuinyoosha. Inategemea mapezi, na mapezi hayana kazi mpaka hewa ipite kwa kasi. Ikitoka kwenye fimbo ya kurushia polepole inalala, halafu inakwenda inakotaka yenyewe.

Kwa hiyo anza na injini, boksi baadaye. Chukua injini iliyoandikwa C6-5. Herufi ni nguvu yote iliyomo, na kila herufi ni maradufu ya iliyotangulia: C mwisho wake newtoni-sekunde 10, D 20. Ile 6 ni wastani wa msukumo kwa newtoni. Ile 5 ni sekunde za kusubiri tangu msukumo uishe mpaka kibaruti cha juu kitoe parachuti. Sisi tunataka msukumo usipungue mara tano ya uzito. Piga hesabu: C6 inabeba roketi ya gramu 120 hivi, injini ikiwa ndani. Saturn ya mita moja haishuki hadi huko hata ukiinyima rangi. Hiyo inataka D kwenda juu.

Fundi_Makoroboi
Si mnatengeneza tu injini wenyewe? Baruti ya fataki ipo.

Mwalimu_Fizikia
Fundi, hapana. Injini ya kiwandani baruti yake imeshindiliwa kwa mashine, inaungua kwa mpangilio. Ya kwako ikiwa na ufa mmoja ndani, moto unaingia kote mara moja, na hilo sasa ni bomu mkononi. Tusiliongelee tena hapa.

Sangara_Mkavu
Mimi nasimama na V-2. Ya kweli mita 14 tu, umbo la samaki aliyeshiba, mapezi manne makubwa. Hata ukiipunguza bado mapezi yanatosha, tofauti na Saturn ambayo yake ni vipande vidogo sana. Kasoro yake ni ufupi: kitovu cha uzito kinakaa nyuma, kwa hiyo lazima uijaze uzito puani. Mimi nilitumia chubwi za nyavu kutoka duka la vifaa vya uvuvi. Mwanza hatukosi chubwi.

Dada_wa_Igoma
V-2 mimi siigusi, kaka Sangara, samahani. Wafungwa wa kambi ya Wanazi ya Mittelbau-Dora waliiunda chini ya ardhi wakafa kwa maelfu, halafu ikaangushiwa London na Antwerp. Mtoto akiniuliza "hii ilikwenda wapi?" nimjibu nini?

Na mbona hakuna aliyetaja Scout zaidi ya kwenye kichwa cha uzi? Tarehe 12 Desemba 1970, kwenye jukwaa la San Marco lililosimamishwa baharini karibu na Malindi, Waitaliano na Wamarekani walirusha Scout yenye satelaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani. Siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka 7 ya uhuru, na satelaiti ikaitwa hivyo hivyo: Uhuru. Roketi iliyopaa kwetu Afrika Mashariki, jina Kiswahili, sisi tunagombania ya Florida.

Scout ni ngazi nne (vipande vinavyowaka kwa zamu) za mafuta makavu, urefu karibu mita 23, na chini upana wake ni mita 1 hivi. Gawa kwa 40: sentimita 57, na bomba la milimita 25. Ngazi ya pili inakuja karibu milimita 20. Sasa nenda duka la vifaa vya umeme ukaulize bomba la kupitishia nyaya: lipo la 25, lipo la 20. Hizo ndizo kalibu zako.

Nilivyofanya mimi: nilisugua bomba lote kwa mshumaa (ukisahau, karatasi hutaitoa, utalia), nikazungusha karatasi ya kaki mizunguko mitatu, nikiipaka gundi ya mbao kwa kidole, nyembamba mpaka karatasi inabadilika rangi bila kulowa. Nikaacha usiku mzima. Asubuhi unaizungusha kidogo, inatoa mlio kama wa kuchana kitenge, halafu inateleza yenyewe. Injini ya milimita 18 inakaa ndani kwa pete mbili za kadibodi. Mahali pa kutenganishia nimeweka kwenye kiungo cha ngazi ya kwanza na ya pili, ili parachuti likae kwenye bomba pana.

Parachuti ni kitambaa cha mwavuli uliovunjika, kamba zake uzi wa nyavu.

Sangara_Mkavu
Historia nimekubali. Lakini mapezi ya Scout si madogo vilevile?

Dada_wa_Igoma
Madogo sana. Ya kweli iligeuza ncha za mapezi na vibao vilivyokaa ndani ya moto kujiongoza. Yangu nilitia injini, nikaifunga uzi pale inapopata mizani, nikaizungusha juu ya kichwa uani. Ikatangulia mkia! Nikaongeza chubwi puani, gramu mbili mbili, mpaka pua ikatangulia bila kuyumba. Jirani aliyekuwa anaanika dagaa aliniuliza kama ninatega ndege.

Kosa langu lilikuwa jingine: kamba inayounganisha pua na bomba niliifanya ya mshipi wa kuvulia. Mruko wa kwanza salama. Wa pili, moto wa kibaruti ukaikata, pua ikashuka kivyake, bomba likashuka kama mkuki. Karibu na injini usiweke nailoni. Na weka kitu kisichowaka kati ya kibaruti na parachuti; mimi hutumia jani la kabichi.

Mwalimu_Fizikia
Sasa tumefika. Kwenye klabu yetu tumebakiwa na C6-3 kumi na mbili. Vibali vilituchukua miezi mitano ya kuzungushwa ofisi moja hadi nyingine, kwa hiyo siziuzi. Ila ukija na Scout isiyozidi gramu 120, injini ikiwemo, tutairusha pamoja. Saturn yako siwezi kuisaidia.

Tunarushia Misungwi, shamba la pamba likishavunwa. Kwa C tunataka uwanja usiopungua mita 120 kila upande, na mtu anayewasha asimame mita 5 au zaidi. Ilemela usithubutu, ndege zinatua huko.

Sangara_Mkavu
Na muende mapema. Mchana upepo wa ziwani ukishaanza, hesabu yake ni hii: parachuti likifunguka mita 200 juu, likashuka mita 5 kwa sekunde, lina sekunde 40 hewani. Upepo wa mita 4 tu kwa sekunde unalipeleka mita 160. Toboa tundu katikati ya parachuti, litashuka haraka kidogo. Na msirushie ufukweni asubuhi, maana saa hizo upepo unatoka nchi kavu kwenda majini. Yangu moja iko huko na sato.

Mtu_wa_Nyegezi
Wabeja sana. Ni Scout. Mwalimu, nimekutumia ujumbe. Bomba la kwanza limekauka tangu jana na limetoka bila kilio, uzito gramu 14. Saturn imerudi juu ya kabati.

Mke wangu kausoma uzi wote. Anauliza kama hilo bomba la umeme nililopaka mshumaa ni lile la taa ya jikoni. Ndilo.