Waogiek wa Mau: walishinda kesi, mbona wakafukuzwa tena?

Msomaji wa Molo:
Ndugu wanajamvi, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha iliamua tarehe 26 Mei 2017 kwamba Kenya ilikiuka haki za Waogiek, jamii ya wawindaji na wakusanyaji, kwa kuwafukuza katika Msitu wa Mau, na tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia ya shilingi 157,850,000 za Kenya. Novemba 2023 nyumba zao zikabomolewa na kuchomwa moto huko Sasimwani, Narok. Yawezekanaje? Na fedha hizo zikilipwa, deni litakuwa limekwisha?

Wakili wa Njoro:
Halitakuwa limekwisha, ndugu yangu. Mahakama iliagiza pia ardhi ya mababu ipimwe, iwekewe mipaka na jamii ipewe hatimiliki ya pamoja. Na pale ambapo watu wengine wamegawiwa ardhi hiyo na maelewano yakashindikana, serikali iwafidie hao na kuirudisha kwa Waogiek. Tatizo ni jinsi Katiba ya 2010 inavyosomwa. Kifungu cha 62 kinaiweka misitu ya serikali katika ardhi ya umma, ilhali cha 63 kinatamka kuwa ardhi iliyokaliwa tangu jadi na jamii za wawindaji na wakusanyaji ni ya jamii hizo. Wanaofukuza watu hushika kile cha kwanza kana kwamba cha pili hakikuandikwa, na hilo linaniuma sana.

Mwana wa Mau:
Asante, Wakili. Serikali ilijitetea kwa hoja ya uhifadhi, lakini haikuithibitishia Mahakama kwamba sisi ndio tulioharibu msitu. Ardhi ya ukoo kwetu hufuata mteremko, kutoka chini hadi kwenye mianzi, kwa sababu maua hayachanui kote kwa wakati mmoja, na mizinga ya nyuki ya magogo tunayoitundika juu mitini hufuata msimu huo. Ukimpa Mwogiek ekari chache mahali pamoja, umempa kiwanja, hujamrudishia msitu wake.

Msomaji wa Molo:
Je, jamii haiwezi kujisajili yenyewe chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016?

Wakili wa Njoro:
Yaweza, kwa kuchagua kamati ya watu 7 hadi 15. Hata hivyo, usajili wa jamii pekee hauzai hati. Ardhi lazima kwanza ipimwe, na upimaji huo ndio ambao serikali iliamriwa kuufanya.