Kichwa cha treni ya mvuke kimepakwa rangi ya mageti alafu tunaambiwa "kimehifadhiwa"??

Wakuu habari za saa hizi. Mods naombeni msiuhamishie huu uzi kwenye jukwaa la picha za zamani, sijaja kukumbuka enzi, nimekuja kulalamika na nina hasira kweli kweli.

Kuna eneo moja huku Mwanza upande wa ziwani, silitaji maana sitaki kesi, wanaolijua wanalijua. Getini pake kuna kichwa kidogo cha treni ya mvuke, vile vya mashambani, reli yake futi mbili yani milimita 610, sio hii ya mita moja mnayoendea Tabora na wala sio SGR ya 1435. Mwenye eneo wa kwanza alikileta kwa lori kutoka kwenye shamba la mkonge na akakijengea paa la bati, huyo alikuwa na akili zake. Hawa wa sasa paa wakaling'oa eti linaziba muonekano. Majuzi kulikuwa na mgeni anakuja, wakakamata vijana wawili na ndoo za rangi ya mafuta, nyekundu na kijani, pakeni. Juu ya kutu! Hakuna kukwangua, hakuna msasa, hakuna praima. Boila nyekundu, magurudumu kijani, mpaka vile vikombe vya kuwekea oili kwenye vyuma vinavyozungusha magurudumu vimezibwa na rangi ndindindi. Magurudumu yenyewe wameyamwagia zege chini "yasitembee". Kile chumba cha dreva wamepanda maua, na kila asubuhi kuna mtu anayamwagilia kwa mpira. Kibao kinasema kupiga picha ni shilingi 2,000.

Nilienda pale na baba mdogo. Huyu mzee alikuwa fayamani, yani mchochea moto wa kichwa cha mvuke, enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, baadae akawa dreva, njia ya Tabora Mwanza anaijua kona kwa kona. Yeye hakuangalia rangi hata kidogo, alienda mbele moja kwa moja kwenye ule mlango wa duara chini ya bomba la moshi akauvuta, ukafunguka kwa shida. Ndani kumejaa majivu ya miaka hiyo, majani makavu na maji ya mvua. Akachukua kijiti akakisukuma chini kwenye bati, kikatokea upande wa pili. Akaniambia majivu yakilowa yanatengeneza kama asidi, yanakula chuma kutokea ndani, ndio maana zamani kichwa kikiwekwa pembeni kazi ya kwanza ilikuwa kutoa majivu yote, kumwaga maji kwenye boila na kwenye silinda, kufunika bomba la moshi, alafu vyuma vyote vinavyong'aa unavipaka grisi. Rangi baadae. Hapa wameanza na rangi na wakaishia hapo hapo.

Sasa tuje kwenye shaba. Filimbi hakuna. Geji ya presha hakuna. Vile vifaa vya kusukumia maji kwenye boila havipo, mabomba ya shaba yamekatwa na msumeno unaona kabisa mkato bado mpya unang'aa. Na kibao cha kiwanda, kile cha shaba kinachoandikwa kiwanda, namba na mwaka, kimeng'olewa yamebaki matundu manne. Mnaelewa maana yake? Bila kile kibao huwezi jua kimetoka kiwanda gani, kilitengenezwa lini, kimepita mashamba gani, ni chuma tu kama vyuma vingine. Baba mdogo akasema subiri, viwandani walikuwa wanagonga namba kwenye vyuma vyenyewe pia, akapapasa kwa kidole mwisho wa ule mkono wa kuunganisha magurudumu, kweli kuna namba imegongwa! Tarakimu mbili za mwanzo tumezisoma, zilizobaki ziko chini ya rangi ya kijani nzito kama ugali. Nikaomba nikwangue kidogo tu na kisu, mlinzi akaja mbio "usiharibu rangi". Usiharibu RANGI wakuu.

Tukapelekwa kwa meneja. Baba mdogo akamwambia kwa upole kabisa, mwanangu mimi sitaki hela, nipe vijana wawili na wiki moja, tutatoa majivu, tutavunja hilo zege maana linashika maji kwenye magurudumu, tutakirudishia paa. Jamaa anajibu huku anachezea simu, "mzee hicho ni cha mapambo tu, hakitembei". Mtu aliyekuwa anaamka usiku wa manane kuwasha moto ili boila iliyopoa ipate presha ya kuondokea asubuhi, maana ni masaa kadhaa, na akizubaa maji yakashuka ile plagi ya risasi juu ya tanuru inayeyuka na safari imeishia hapo, huyo ndio anafundishwa kichwa cha mvuke ni nini. Nilitoka nje nisije nikaongea vibaya.

Na msianze kuniletea "hatuna utaalamu" na "hatuna hela". Sijasema kitembee. Kutembea ni habari nyingine, boila lazima ipimwe kwa presha ya maji, mabomba yabadilishwe, hiyo ni hela ndefu naelewa. Nasema bati, grisi, oili na turubai! Darjeeling kule India reli yao ni hiyo hiyo ya futi mbili, ya 1881, vichwa vya mvuke vinapanda navyo mlima na UNESCO wameiweka kwenye urithi wa dunia tangu 1999. Sisi cha kwetu kimesimama tu na bado kimetushinda.

Kinachoniuma zaidi, nendeni makumbusho ya reli Nairobi yaliyoanzishwa 1971. Kuna yale madude ya vichwa vya mvuke aina ya Garratt, ya daraja (class) la 59, yalitengenezwa 34 na Beyer Peacock wa Manchester miaka ya 50, zaidi ya tani 250 kila moja, kwenye reli ya mita moja hii hii nyembamba, na kila moja lilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Yaliyobaki pale ni mawili, Mount Gelai na Mount Shengena. Gelai iko wapi? Kwetu, kule Natron. Shengena? Upareni! Na pembeni kuna kichwa kingine cha mvuke, namba 3020, ambacho jina lake ni Nyaturu, watu wa Singida. Siwalaumu Wakenya hata kidogo, shirika lilikuwa la wote mpaka 1977 na wao wametunza. Mimi nauliza sisi wa huku, reli ilifika Mwanza 1928, mizigo ya ziwa na pamba ya Usukuma imevutwa na mvuke miaka na miaka, mtoto wa Igogo au Mkuyuni leo umpeleke wapi akaone filimbi ya mvuke imekaaje?

NYONGEZA: kuna mmoja ameandika hapo chini "si bora wauze skrapu tujue moja". Ndugu yangu kinauzwa tayari, kinauzwa kipande kipande usiku, wewe unaona rangi tu.

Kwaiyo wenye mizani ya vyuma chakavu Nyakato, Igoma, Mabatini, naomba tusaidiane. Mtu akikuletea filimbi ya shaba njano yenye urefu kama wa chupa ya soda, au kibao cha shaba chenye matundu manne pembeni na maandishi yaliyovimba, usikiyeyushe, nitumie pm. Bei yako ya kilo nalipa na ya usumbufu juu. Picha za ule mlango na mabomba yaliyokatwa naziweka jioni nikipata bando.