Django imegoma kuunganika na MongoDB, siku ya tatu silali

Msaka_Waya: Wakuu, naombeni msaada. Mradi ni wa Django (fremu ya Python ya kujengea tovuti), kanzidata ni MongoDB iliyoko Atlas, huduma yao ya wingu. Nikiwasha inakaa kimya nusu dakika, kisha inatapika ServerSelectionTimeoutError, yaani imeshindwa kuipata seva. Nenosiri nimelikagua mara kumi. Picha hiyo hapo chini.

Mzee_wa_Jedwali: Ungetumia PostgreSQL, kanzidata ya majedwali. Hata data ya JSON inahifadhi kwa JSONB, ipo tangu 2014, na Django imezoea majedwali toka kuzaliwa. Mongo umeifuata kwa mkumbo tu.

Msaka_Waya: Mzee wangu, mteja nimeshamwahidi. Sirudi nyuma.

Zuhura_K: Sekunde 30 ndio muda PyMongo, maktaba ya Python ya kuongea na Mongo, inaotafuta seva kabla ya kukata tamaa. Nenosiri lingekuwa baya ungekataliwa upesi. Wewe hata mlangoni hujafika. IP yako umeiruhusu kule Atlas?

Msaka_Waya: Nimeweka 0.0.0.0/0.

Chizi_Mpole: Kaacha mlango wazi kwa dunia nzima, na mwenyewe kashindwa kuingia 😂

Mzee_wa_Jedwali: Mimi niliwahi kuhangaika na Djongo, ile inayogeuza SQL, lugha ya majedwali, iwe maulizo ya Mongo. JOIN moja, ya kuunganisha majedwali, ilinikesha wiki. Siku hizi MongoDB wenyewe wana kiunganishi chao cha Django, lakini hamu ilishaniisha.

Zuhura_K: Mzee, tumsaidie kwanza. Msaka, kuna mahali popote inakubali?

Msaka_Waya: Nyumbani inakubali. Ofisini ndio inagoma.

Zuhura_K: Na hilo ulilificha la nini? Mtandao wa ofisi utakuwa umefunga poti 27017, njia anayopitia Mongo. Jaribu na intaneti ya simu.

Chungu_Tatu: Mnapigwa chenga. Saa kwenye picha yake inasoma 23:40. Ofisi gani hiyo? Chai.

Msaka_Waya: Si chai. Kazi ni ya mteja wangu binafsi, naifanya hapa wenzangu wakishaondoka. Nyumbani kuna mtoto mchanga, hakukaliki. Ndio maana siwezi kumuuliza jamaa wa mitandao.

Baba_Upendo: Kijana, umeme wa mwajiri, jasho la mteja. Hilo nalo lina hitilafu yake.

Msaka_Waya: Baba, saa za kazi nimezimaliza, sijamwibia mtu... Dada Zuhura, kwa simu imeunga mara moja! Sasa jamaa wa mitandao nikimwomba afungue 27017, nimwambie ya nini?

Zuhura_K: Usimwombe kitu. Tumia simu, na hiyo 0.0.0.0/0 iondoe leo.

Msaka_Waya: IP ya simu si inabadilika kila mara? Acha ikae kidogo tu.

Mzee_wa_Jedwali: Poti ya PostgreSQL ni 5432. Nasema tu.