Lampoon na Crimson pale Harvard: ni uhasama au ni utani?

SWALI
Habari zenu, ndugu zangu. Ninaandaa mada kuhusu vyombo vya habari vya wanafunzi, na kila nikifika Chuo Kikuu cha Harvard ninakuta kwamba gazeti la Crimson, lililoanzishwa mwaka 1873, na jarida la vichekesho la Lampoon, lililofuata mwaka 1876, wamekuwa wakiviziana na kuibiana kwa vizazi kadhaa. Je, wanachukiana kweli, au ni watani wa jadi tu? Na kuiba nakala za gazeti ili zisiwafikie wasomaji kunaweza kuitwa mzaha?

JIBU LA KWANZA
Ndugu, anza na mwaka 1953. Juu ya jengo la Lampoon, ambalo linafanana na kasri dogo na lilikamilika mwaka 1909, husimama sanamu ya shaba ya ndege aina ya kwarara. (Miongoni mwa waliolichangia jengo hilo alikuwa William Randolph Hearst, tajiri wa magazeti, kwa hiyo wacheka-magazeti hao wanaishi kwa sehemu katika fedha za magazeti.) Wahariri wa Crimson walimchukua ndege huyo, wakamkabidhi kwa heshima zote Semyon Tsarapkin, naibu mwakilishi wa Muungano wa Kisovieti katika Umoja wa Mataifa, kama zawadi ya kupamba jengo jipya la Chuo Kikuu cha Moscow. Wakati huo vita vya Korea vilikuwa havijakoma na Seneta McCarthy alikuwa akiwasaka wakomunisti, hivyo kwenda kumdai ndege wako kwa Wasovieti halikuwa jambo jepesi. Ndege alirudi hatimaye. Kwangu mimi huo ni utani uliokomaa, kwa sababu aliyeumia ni mwenye mali peke yake, naye alikuwa mtani.

JIBU LA PILI
Ninakubaliana na aliyetangulia kuhusu ndege, lakini nakala za gazeti ni suala jingine. Katika miaka ya 1980 Conan O'Brien, aliyeiongoza Lampoon kwa vipindi viwili kabla ya kuwa mtangazaji maarufu, alihusika katika visa vya namna hiyo, na Jeff Zucker, aliyekuwa kiongozi wa Crimson, akawaita polisi. Mwaka 2010 Zucker huyohuyo ndiye aliyekuwa mkuu wa kampuni ya televisheni ya NBC Universal wakati O'Brien alipoondoka katika kipindi cha kampuni hiyo, The Tonight Show. Watu hupenda kuviunganisha visa hivi viwili. Mimi ninaona kwamba cha pili kilikuwa biashara ya televisheni. Cha kwanza ndicho kinachokuhusu: msomaji aliyekosa gazeti lake asubuhi hakuwa sehemu ya ugomvi huo, na hakuna aliyemwuliza kama anacheka.

JIBU LA TATU
Mnasahau kughushi, ambako ninakuona kuwa kubaya kuliko wizi. Mwaka 2015 watu wa Lampoon walichukua kiti cha kiongozi wa Crimson, wakakipeleka New York katika jengo la Trump Tower, wakajitambulisha kuwa ndio wahariri wa gazeti, na wakampiga picha Donald Trump akiwa amekikalia, kana kwamba Crimson limemuunga mkono katika kinyang'anyiro cha urais. Aliyekosa gazeti anajua kwamba amelikosa, ilhali aliyesoma tamko la uongo lenye jina la gazeti halisi huenda asijue kamwe. Hata hivyo nakiri kwamba nilicheka.

MWULIZA SWALI
Nashukuru sana, tofauti hiyo ya wizi na kughushi itaingia katika mada yangu. Je, Crimson lenyewe huwataja vipi watani wake linapoandika habari zao?

JIBU LA PILI
Kwa muda mrefu limekuwa na desturi ya kuieleza Lampoon, kwa uso mkavu kabisa, kuwa ni jumuiya ya starehe yenye usiri nusunusu, ambayo zamani ilikuwa ikichapisha mara mojamoja kitu kilichoitwa jarida la vichekesho.