Hematokriti 28 baada ya klipu ya aneurizimu: tuongeze damu au tuiache nyepesi?

Zamu_ya_Usiku: Wakuu, mgonjwa alivuja damu kwenye utando wa ubongo baada ya aneurizimu (mshipa uliovimba kama puto) kupasuka, akawekewa klipu ya kuibana siku ya 2. Leo siku ya 6: Hb (hemoglobini) 9.2, hematokriti (asilimia ya damu ambayo ni seli nyekundu) 28, presha 128/70, sodiamu 131. Tangu asubuhi mkono wa kulia unalegea. Mmoja anataka aongezewe yuniti 2, mwingine anasema damu nyepesi hupita kirahisi. Nani yuko sahihi?

Mtu_wa_Usingizi: Wanabishania maji wakati mpira umebanwa. Siku ya 4 hadi 14 mishipa ya ubongo husinyaa. Upana ukibaki nusu, damu inayopita ni sehemu 1 kati ya 16. Mnato ukipungua robo nzima, unaongeza theluthi tu. Na kwa 28 damu imeshakuwa nyepesi. Ukizidi kuifanya nyepesi unapoteza seli nyekundu, wabeba oksijeni. Utafiti wa TRAIN (2024), kwa wagonjwa walioumia ubongo au kuvuja damu kichwani, ulilinganisha kuongeza damu Hb ikishuka chini ya 7 na chini ya 9. Kundi la 9 ndilo lililopona vizuri zaidi. Kwa 9.2 siongezi, ila napima tena jioni.

Mkono ndio dharura. CT (picha ya kichwa) kwanza, maana maji yakijaa kichwani dalili hufanana. Kama picha ni safi na klipu imekaa sawasawa, pandisha presha kwa noradrenalini kidogo kidogo, ukipima nguvu ya mkono kila nusu saa. Nguvu ikirudi, usipandishe presha zaidi ya hapo.

Sista_HDU: Jamani, hiyo sodiamu 131 iko chini, lakini msimnyime maji! Mara nyingi chumvi inatoka na mkojo, na maji yanaifuata. Ukimbana, damu inakuwa nzito na presha inaanguka. Mpe salaini 0.9% (maji ya chumvi), si dekstrosi 5% (maji ya sukari), na pima mkojo kila saa.

Nimodipini, dawa ya kukinga ubongo mishipa ikisinyaa, ni 60 mg kila saa 4 hadi siku 21. Presha ikishuka, 30 mg kila saa 2. Mkiivuta kutoka kwenye kapsuli kwa ajili ya mpira wa puani, tumieni bomba la dawa za kunywa, lisiloingia kwenye kanula ya mshipani. Dawa ya kapsuli ikipita mshipani inaweza kuua.

Zamu_ya_Usiku: Asante. Na mannitoli, dawa ya kuvuta maji kwenye ubongo?

Mtu_wa_Usingizi: Ya nini, kama shinikizo la kichwa halijapanda? Dakika za mwanzo inalainisha damu kweli, lakini baadaye anakojoa sana. Usipofidia, hematokriti inaweza kupanda, tuseme hadi 34, na mtu anafurahi kuwa damu imeongezeka, kumbe ni maji yaliyotoka.