Mafunzo kwa vitendo katika urambazaji wa setilaiti: je, kampuni ya kufuatilia magari inafaa?

MwakaWaTatu aliandika:

Ndugu wanajukwaa, poleni na majukumu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uhandisi wa elektroniki na mawasiliano hapa Dar es Salaam, na mwezi Julai natakiwa kuanza mafunzo kwa vitendo ya wiki nane. Tangu mwaka wa kwanza nimevutwa sana na mifumo ya urambazaji wa setilaiti, yaani GPS ya Marekani, Galileo ya Ulaya, GLONASS ya Urusi na BeiDou ya China, na nia yangu ni kuijua kwa undani wa kihandisi: jinsi kipokezi kinavyonasa mawimbi, jinsi kinavyopata muda, na kwa nini wakati mwingine kinakosea.

Nimepeleka barua ya utambulisho sehemu sita, na iliyonijibu ni moja tu, kampuni inayofunga vifaa vya kufuatilia mwendo wa mabasi na malori. Wenzangu wananiambia kwamba huko nitashinda chini ya dashibodi nikiunganisha waya, na kwamba ni heri nitafute nafasi Ulaya hata kama itanibidi kusubiri mwaka mzima. Naomba ushauri wa mtu anayeijua kazi hii. Je, nikubali? Na nikikubali, niombe nini siku ya kwanza ili wiki nane zisiishie kwenye waya?

FundiMawimbi (Nairobi) alijibu:

Mdogo wangu, kubali. Nimefanya kazi ya vipokezi kwa miaka tisa, na nilianzia mahali kama hapo wanapopadharau wenzako.

Kifaa cha kufuatilia gari ni kipokezi kamili. Mawimbi ya GPS yanatoka kilomita 20,200 juu yetu, na yanapotufikia huwa dhaifu kuliko kelele ya umeme iliyomo ndani ya kipokezi chenyewe; kipokezi huyachomoa humo kwa kuyalinganisha na msimbo kinaoufahamu tangu mwanzo, wenye alama 1,023, ambao hurudiwa kila milisekunde moja. Kazi hiyo yote inafanyika ndani ya kijisanduku kinachoenea kiganjani, chini ya dashibodi hiyo hiyo. Waya nao una somo lake: pitisha waya wa antena kando ya chaja ya simu ya bei ya chini, kisha uuhamishe upande wa pili wa gari, na utajionea namba zikibadilika mbele ya macho yako.

Kwa hiyo siku ya kwanza omba kifaa kimoja kilichorudishwa na mteja, pamoja na kebo ya kukiunganisha na kompyuta, ili usome maandishi ya NMEA, yaani mistari ya taarifa kwa muundo wa kawaida wa vipokezi, ambayo kifaa hutoa kila sekunde. Wafungaji wengi huangalia latitudo na longitudo tu. Wewe tazama mistari ya GSV, kwa sababu humo ndimo inamotajwa kila setilaiti inayoonekana, kimo chake kwa nyuzi juu ya upeo wa macho, mwelekeo wake, na nguvu ya mawimbi yake.

Nitakupa mfano mmoja ulionifundisha kuliko muhula mzima darasani. Katika kampuni niliyofanyia mafunzo, ambayo sitaitaja, dereva mmoja aliandikiwa kosa la kwenda kilomita 180 kwa saa ilhali basi lake lilikuwa limeegeshwa stendi, na alikuwa karibu kusimamishwa kazi. Msimamizi wangu alinipa faili la siku hiyo akaniambia nitafute. Nilikaa nalo siku tatu. Ikaonekana kwamba programu ya seva ilikuwa ikikokotoa mwendo kwa kugawa umbali kati ya nukta mbili kwa muda uliopita, na pale stendi mawimbi yalikuwa yakigonga paa la chuma kabla ya kufika kwenye antena, hivyo nukta ikaruka mita 50 ndani ya sekunde moja. Mita 50 kwa sekunde ndizo hizo kilomita 180 kwa saa. Kipokezi chenyewe kilikuwa kimetoa namba nyingine ya mwendo, inayotokana na badiliko la masafa ya mawimbi, ile athari ya Doppler, na namba hiyo ilikuwa karibu na sifuri wakati wote. Ilikuwa imo ndani ya faili, lakini hakuna aliyekuwa akiisoma. Dereva alirudi barabarani, nami nikajua kazi ninayoitaka maishani.

Mpima_Ardhi (Pwani) alijibu:

Naunga mkono, ila naongeza jambo moja. Katika kufuatilia magari, kosa la mita tatu halimsumbui mtu. Ukitaka kuuona uhandisi wa urambazaji ukibanwa mpaka mwisho, tafuta pia siku chache pamoja na wapima ardhi, kwa maana sisi tunadai sentimita. Hatutumii msimbo peke yake. Tunapima wimbi lenyewe linalobeba msimbo, ambalo kwa L1, masafa makuu ya GPS, lina urefu wa takriban sentimita 19, na kipokezi cha kituo cha msingi kilichosimama juu ya nukta inayojulikana hukipelekea masahihisho kipokezi kinachotembea.

Hapo ndipo utakapojifunza nidhamu. Mwaka fulani kijana aliyekuwa akifanya mafunzo kwangu alipima kimo cha antena ya kituo cha msingi vizuri kabisa, mita 1.43, akakiandika kwenye daftari, lakini alipokiingiza kwenye kidhibiti akabonyeza 1.34. Tulipima nukta zaidi ya mia mbili siku hiyo, na kila moja ilikuwa na kosa la sentimita 9 kwenye kimo. Mchoro ulionekana safi, namba zote zilikubaliana, na laiti mtu wa mifereji asingelalamika kwamba maji kwenye ramani yetu yanapanda mlima pale tulipoungana na kazi ya zamani, tungekabidhi hivyo hivyo. Tuliokolewa na daftari la karatasi na data ghafi, tukakokotoa upya bila kurudi uwandani. Tangu hapo kila anayekuja kwangu hupima kimo mara mbili, kabla na baada ya kazi, na huipiga picha tepu ikiwa imenyooshwa.

Nina jambo langu pia la kuuliza, kwa kuwa wapo wataalamu hapa. Mwezi Machi mwaka 2024 tulikuwa tukipima barabara usiku ili kukwepa msongamano wa magari. Mpaka jua linazama kila kitu kilikuwa sawa, lakini kuanzia kama saa mbili usiku vipokezi vyote viwili vikawa vinapoteza suluhisho la sentimita kila baada ya dakika chache, ilhali anga lilikuwa wazi na hapakuwa na mti wala jengo karibu. Kufikia saa sita usiku vikatulia vyenyewe. Nilibadilisha betri, kebo na redio bila mafanikio. Nini kilitokea?

BintiAnga alijibu:

Kaka Mpima, vifaa vyako vilikuwa vizima. Ulikutana na ionosfea yetu, yaani tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme, na swali lako ndilo jibu bora kwa huyu mdogo wetu anayetaka kukimbilia Ulaya.

Ikweta ya sumaku ya dunia, kwa upande wetu wa Afrika, haipiti Nanyuki kama ikweta ya kawaida ya ramani; inapita Ethiopia, jirani na Addis Ababa. Mchana umeme wa anga huiinua ionosfea juu ya mstari huo, kisha chembe zenye chaji huteremka pande zote mbili na kurundikana takriban nyuzi 15 kaskazini na kusini yake. Hesabu kutoka Addis Ababa kuelekea kusini, utaangukia Tanzania. Baada ya jua kuzama tabaka hilo hutibuka, mapovu yenye chembe chache hupanda katikati ya tabaka nene, na mawimbi ya setilaiti yanayopita humo humetameta kama nyota inavyometameta, mpaka kipokezi kinayapoteza. Hali hiyo huwa kali zaidi karibu na Machi na Septemba, usiku na mchana unapolingana, na katika miaka ambayo jua lina shughuli nyingi, kama ilivyokuwa mwaka 2024. Ulipima mahali penyewe, mwezi wenyewe, saa yenyewe.

Mimi nasomea jambo hili Ulaya, na sitaki kumvunja moyo mtu, lakini afadhali ukweli usemwe mapema. Nafasi za mafunzo katika Shirika la Anga la Ulaya, ESA, hutolewa hasa kwa raia wa nchi wanachama, na Marekani sheria za kudhibiti teknolojia ya anga hufunga milango mingi kwa wageni. Kituo cha kimataifa cha fizikia cha ICTP cha Trieste, Italia, kimekuwa kikiandaa warsha za GNSS, yaani mifumo hii yote ya urambazaji wa setilaiti, kwa watu wa nchi zinazoendelea, na huko mwombaji kutoka kwetu anakaribishwa kweli, ila warsha hizo zinamfaa zaidi mtu ambaye tayari amewahi kuchezea data kwa mikono yake.

Na data ipo. Mtandao wa kimataifa wa IGS, wenye vipokezi vya kudumu vya setilaiti, una vituo Malindi, Nairobi na Mbarara, na mafaili yake ya RINEX, yaani vipimo ghafi vya vipokezi hivyo, hupatikana bila malipo. Chukua usiku mmoja wa Machi 2024 wa kituo cha Malindi na usiku mmoja wa Juni, uvifungue kwa RTKLIB, programu huria iliyoandikwa na Tomoji Takasu wa Japani, kisha ulinganishe nguvu ya mawimbi ya kila setilaiti na idadi ya mara yanapokatika. Jihadhari na saa tu: saa mbili usiku kwetu ni 17:00 ndani ya faili, na muda wa GPS uko mbele ya muda wa kimataifa kwa sekunde 18.

MwakaWaTatu aliandika:

Nawashukuru sana kaka zangu na dada yangu. Nimekwishapiga simu kukubali nafasi. Chuo kinanitaka niwasilishe mada ya ripoti kabla ya kuanza, nami nafikiria kuacha kifaa kimoja juu ya paa la ofisi usiku na mchana kwa wiki zote nane, nikirekodi GSV. Je, kifaa cha masafa ya L1 peke yake kitaona huo mmetameto? Na kuanzia Julai hadi Septemba ni muda mzuri?

BintiAnga alijibu:

Kitauona kwenye nguvu ya mawimbi, ingawa kwa namba moja kila sekunde utaona kivuli chake tu, kwani vipokezi vya utafiti hurekodi mara 50 kwa sekunde. Julai kutakuwa kimya, na hilo ni jema, kwa sababu unahitaji usiku tulivu wa kulinganishia. Mwombe msimamizi akuachie kifaa kiendelee kurekodi mpaka mwisho wa Septemba, hata kama utakuwa umerudi darasani. Usisahau kuandika setilaiti zilizo chini ya nyuzi 30 kivyake, la sivyo utadhani paa la jirani ni ionosfea.

Mpima_Ardhi (Pwani) alijibu:

Dada, ahsante. Nimelibeba swali hilo miaka yote hii. Kijana, mwezi Agosti tutakuwa Kibaha tukipima viwanja. Nitumie ujumbe wa faragha, uje Jumamosi mbili ushike kipokezi cha masafa mawili, na data yote ya siku hizo nitakupa uondoke nayo. Vaa buti na ubebe kofia, na ufike kabla ya saa moja asubuhi, kwa sababu kimo cha antena ya kituo cha msingi utakipima wewe.